Ufunguo wa Bomba

"Nyinyi wawili musigeuke," alisema muzee aliyesimamia uchaguzi. "Wengine, kila mutu aende nyuma ya ule anataka."

Dative, mmoja wa hao wawili, akakazia macho bomba la maji la mtaa wao, pale Katoyi. Ufunguo wake ulining'inia shingoni mwake, ndani ya blauzi, ukiwa na joto la mwili. Wakati wa vita alilala nao. Aliyeruka foleni hakumfungulia, hata dada yake.

Majirani walikuwa wamesema abaki nao tu, kura ya nini? Ni yeye aliyekataa. Ufunguo wa watu wote, alisema, asiushike mtu ambaye watu hawakuulizwa.

Sasa aliwasikiliza. Mawe meusi ya volkano yalilia chini ya kandambili zao, zikielekea kwa fundi cherehani aliyesimama upande wa pili. Akasikia kikohozi cha dada yake. Nacho kikapita.

"Mugeuke!"

Nyuma yake hapakuwa na mtu.

Muzee akamsogelea, sauti chini. "Mama, pengine hawakusikia muzuri. Turudilie kura?"

Dative akautazama mstari nyuma ya fundi.

"Hapana, papa. Ni mimi tu sijachagua bado."

Akavuka uwanja, mawe yakilia chini ya miguu yake peke yake, akasimama mwisho wa mstari, nyuma ya dada yake. Akavua ufunguo na kumgusa nao begani, aupitishe mbele hadi kwa fundi.

Mkono wa dada yake ukaja nyuma, ukaupokea. Uso haukugeuka.