Mgeni wa Kumi na Saba

Mzee alinyoosha mkono kwa mara ya tatu, na binti mwongozaji akajifanya hakumwona.

Wageni waliojiandikisha kuzungushwa kwenye jumba la sanaa walikuwa kumi na sita. Mzee alikuwa wa kumi na saba. Alikata tiketi mlangoni na kujiunga na kundi bila kumwuliza mtu. Viatu alivipiga rangi vikang'aa, lakini suruali, lo! Madoa ya kila rangi unayoijua. Na bado alijipanga mbele kabisa, pale pale wageni wanapotazama.

Siku nyingine yoyote hilo lingepita. Leo mkuu wa jumba alilifuata kundi kwa nyuma, daftari mkononi, kwa sababu miezi mitatu ya majaribio ya binti ilikuwa inakwisha leo. Akiyamudu maneno, kazi ni yake. Akibabaika, arudi alikotoka.

Na maneno yenyewe si mchezo. Imprezhonizimu, kubizimu, impasto, perspektivu: Kiingereza cha watu wa sanaa, ambacho hata Mwingereza wa kawaida hukikunia kichwa. Binti alikikariri kwa miezi mitatu, asubuhi akipiga pasi, jioni akimenya vitunguu, kwa sauti, mpaka kuta zikachoka kumsikia. Siku ya usaili alisema amekulia kwenye studio ya uchoraji, wakamwamini.

Mkono wa mzee ulikuwa bado juu. Mkuu akamwashiria binti kwa kalamu: msikilize mgeni.

"Samahani, mwalimu," mzee alisema kwa Kiswahili. "Hii rangi iliyokaa nene hivi, wenyewe mnaiitaje?"

Wageni wawili waliitazama ile suruali, kisha wakatazamana. Harufu ya tapentaini ilikuwa imeshaenea. Uso wa binti ukamwaka moto, akajibu kwa Kiingereza bila kumwangalia mzee: hiyo ni impasto, rangi hupakwa nzito kwa kisu, mpaka alama za mkono wa mchoraji zikabaki kwenye picha. Alilieleza neno hilo vizuri hata mama mmoja wa miwani akaliandika. Mkuu naye akaandika.

Kwenye picha ya nne mambo yakaharibika. Ilikuwa picha ya barabara ndefu iliyokwenda ikafifia kwa mbali, na binti alisimama mbele yake midomo imekauka, kichwani peupe. Wageni wakaanza kunong'ona. Mzee akakohoa. Akauliza, kwa upole tu, mbona miti ya mbele ni mikubwa na ya nyuma ni kama njiti, ilhali inaonekana ilipandwa siku moja.

Perspektivu! Neno likarudi mbio, tena halikuja peke yake, lilikuja na ukoo wake wote. Binti akamwaga Kiingereza kama aliyezaliwa nacho.

Unadhani alishukuru? Thubutu. Kijana mmoja wa kundi lile alikuwa ameliona swali la miti kuwa ni swali la mtoto wa chekechea, akacheka, akauliza huyu babu ameokotwa wapi. Wengine wakacheka. Na binti naye akacheka pamoja nao, ili asionekane yuko upande gani.

Basi wakafika picha ya tano. Mzee akaisogelea, akainama, akanyoosha kidole kufuata njia ya brashi, hewani, pasipo kugusa kitu. Mlinzi hakungoja aguse. Alimdaka mkono, akauliza kwa sauti mtu huyu amekuja na nani. Mkuu akamgeukia binti.

"Unamfahamu huyu?"

"Simfahamu," binti alisema.

Mzee alimtazama mara moja, akashusha macho. Akamwambia mlinzi asigombane na mtu, kosa ni lake, ushamba tu. Akaondoka, viatu vikilia kwenye sakafu iliyosuguliwa, na mlinzi hakumwachia mkono mpaka mlangoni.

Binti akaendelea na picha zilizobaki. Hakukosea hata neno moja. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Ardhi haikupasuka, na wageni wakampigia makofi.

Mkuu alimwita ofisini, akampa mkono, akamwambia kesho aje kutia saini mkataba. Kisha akasema kuna jambo limemkera. Alikuwa amemfuata yule mzee nje kumwomba radhi, maana mtu mzima hashikwi vile. Alimwuliza kama kuna mtu yeyote humu anayemjua, aje amsindikize kituoni. Mzee akajibu kwamba yeye hamjui mtu.

"Ila alisema yule mwongozaji wenu tusimwachie," mkuu aliongeza. "Mzee wa watu, wala hakuwa na kinyongo."

Binti alisema asante. Akaenda chooni akanawa uso mara tatu, na bado hakuweza kujitazama kwenye kioo.

Jua lilikuwa halijazama alipofika nyumbani. Kwenye kibanda cha uani alimkuta mzee wa suruali ya madoa ameshavua viatu vyake vya kutokea, anamalizia bango la kinyozi.

"Shikamoo, baba," alisema.

"Marahaba, mwanangu." Mzee aliweka brashi chini, akamsogezea kigoda. "Haya, kaa unisimulie. Huko kazini kwenu, ndani kukoje?"