Msumari wa Mwisho Ukutani

Walihudhuria wanne, kama ilivyopasa: Verlyn Haugen, mwenyekiti, aliyewahi kuwa kocha; Mchungaji Solveig Nygaard, mwandishi wa mkutano; Mwalimu Marlys Tveit, mstaafu wa hisabati, aliyeleta hoja; na Bud, kama mji mzima ulivyomwita, aliyeitwa kuipinga. Bud alifika wa mwisho, akichechemea kidogo, akatundika koti lake kwenye msumari pekee uliokuwa mtupu ukutani.

Ule ulikuwa ukuta wa magwiji wa mpira wa Kimarekani wa wilaya yao, huko Minnesota. Picha zilikuwa zimeujaza, na nafasi ikabaki moja. Marlys aliitaka kwa ajili ya Brekke, mpiga teke: yule ambaye timu ikikwama huitwa aufyatue mpira mbali, ili wapinzani waanze safari yao kutoka nyuma kabisa. Ni kazi yenye shukrani haba, kwa kuwa mwenyewe huingia uwanjani wenzake wakiwa wameshashindwa.

Desturi ya ukuta ilikuwa kali. Hakutundikwa mtu kabla hajasemwa vibaya mbele ya kamati na yule amjuaye kuliko watu wote. Wenyeji wa huko huamini kwamba sifa isiyopita tanurini ni majivuno, na kwao mwenye majivuno ni nduguye mwizi. Mara mbili Marlys alikuwa amelileta jina la Brekke, na mara mbili Bud alilizima. Likizimwa mara ya tatu, halirudi tena.

Marlys aliweka mezani sinia la keki ya limau.

"Mwalimu, leo umekuja kutuhonga?" Bud akauliza.

"Mikono mbali, Bud. Huo ni uwanja."

Alikuwa ameikata keki safu kumi, kila safu yadi kumi. Mpira ulikuwa punje ya karanga.

"Kabla hujaanza kilimo chako," Bud akasema, "tuambie wastani wa Brekke."

"Yadi thelathini na tisa."

"Na wa Lindquist?" Akaonyesha kwa kidevu picha ya kijana mwenye mapaja kama magogo.

"Arobaini na nne."

"Basi, mwenyekiti, tunywe kahawa twende zetu. Hapa tunafananisha kichuguu na mlima."

Verlyn alicheka hadi kahawa ikamwagika kwenye kisahani. Marlys hakukasirika; alikuwa amewafundisha nusu ya watu wa mji ule, na alijua kwamba anayecheka bado anasikiliza.

"Lindquist anapiga," akasema, akiisogeza karanga safu nne na ushei. "Watu wanashangilia. Lakini mpira umekwenda chini na kwa kasi, umewaacha wenzake nyuma. Mpinzani anaudaka akiwa peke yake, anarudi nao mbio." Karanga ikarudi. "Toa zile alizorudishiwa. Zinabaki thelathini na moja."

"Na Brekke?" Mchungaji akauliza. Kalamu alikuwa ameshaisahau.

Marlys aliirusha karanga kuelekea dari. Vichwa vyote vikainuka.

"Mpira wa Brekke ulipanda kama mtu aliyesahau kitu mbinguni. Ukifika chini, wenzake wameshamzunguka mdakaji kama wadai. Harudishi hata hatua. Toa zote za kutoa: thelathini na saba. Katika wapiga teke wote wa wilaya hii, wazima na marehemu, hakuna anayemfikia."

"Ilikuwa hofu," Bud akasema. Masikio yalikuwa yamemwiva. "Mimi namjua Brekke. Aliupiga juu apate muda wa kukimbilia benchi."

"Hofu ya namna hiyo," Verlyn akajibu, "ningewanywesha vijana wangu kila asubuhi."

Wakacheka tena, na katika kicheko hicho mkono wa Bud ukafika siniani.

"Mwenyekiti, huyu amekula mstari wa ishirini."

"Imeandikwa," Mchungaji akasema.

Bud alijipangusa vidole taratibu. Alipoinua uso, mzaha ulikuwa umemtoka.

"Na lile teke la fainali, Mwalimu? Lisemee."

Lile ndilo lililoizima hoja mara zote mbili.

"Yadi kumi na moja," Marlys akasema.

"Kumi na moja. Mpira ulikwenda pembeni kama kuku aliyefukuzwa jikoni, wapinzani wakaanzia mlangoni petu. Bendi ilikuwa imeshaanza kupiga, kina mama wameshaanza kulia kwa furaha. Mtu aliyeunyima mji kombe lake, mnamtundika juu ya vichwa vya watoto wetu?"

"Nimelihesabu, Bud."

"Umelihesabu vipi?"

"Kama mengine yote. Sikulipunguza, wala sikuusingizia upepo. Limo ndani ya ile thelathini na saba."

Bud alilitazama sinia kwa muda mrefu, kana kwamba teke lenyewe lilikuwa limelala pale kati ya makombo.

"Hata na lile," akauliza kwa sauti ndogo, "bado ni wa kwanza?"

"Hata na lile. Ongeza jingine kama lile, bado ni wa kwanza."

Kwa desturi yao, mpingaji anayekubali kushindwa hufunika kikombe chake. Bud alikishika, akakiachia, akakishika tena; mwishowe akakifunika. Mchungaji alichukua kipande cha keki kutoka mstari wa goli, akamsogezea.

Verlyn alisimama, ingawa wasikilizaji walikuwa watatu tu, akakohoa kama aliye mbele ya uwanja mzima.

"Kamati imeamua. Brekke amepita kwa kauli moja. Na wewe, Bud, toa koti lako kwenye huo msumari, tupate kutundika picha yako."