Gari Lisilofika Nyansurura

Gari lilizima tena kabla ya kufika Matongo. Usukani ukawa mzito ghafla mikononi mwa Robi, akaliongoza hadi pembeni mwa barabara, kisha akaipiga dashibodi kwa kiganja.

"Mxiu! Gari gani hili!"

Harufu ikampanda puani. Mkojo wa panya. Alishaosha viti kwa sabuni, akapulizia marashi, lakini uvundo ule ulikuwa umeng'ang'ania kooni kama kipande cha nyama iliyooza. Panya waliingia wakati wa mvua, wakatafuna nyaya, wakazaa humohumo. Fundi wa Tarime mjini alipoinua kiti cha nyuma alitoa kiota cha matambara na vitoto vyekundu visivyo na manyoya, vikitapatapa. Robi alitapika mtaroni. Fundi wala hakujali. Aliwaita yeye na Bhoke waje waone waya uliopita palepale chini ya kiti, unaoingia kwenye pampu ya mafuta. Huu ukiachia tu, alisema, gari linakufa. Akaufunga vizuri, akasema limepona.

Limepona wapi! Sokoni lilikwenda. Sirari kuchukua mzigo wa duka lilikwenda, likarudi bila hata kukohoa. Lakini safari iliyopita ya Nyansurura, kwa mama yake, lilizima njiani, likarudishwa Tarime kwa kamba, na leo tena.

"Bhoke, unaendeleaje huko nyuma?"

Binti wa kaka yake alikuwa amejikunja kwenye kiti, amejifunika hadi kichwani kanga mpya aliyonunuliwa kwa safari hii.

"Tumbo, shangazi."

"Vumilia. Bibi yako ameshachinja mbuzi."

Bodaboda aliyekuwa anapita aliwaletea fundi kutoka gereji ya jirani. Ogweno, alijitambulisha. Robi alimwangalia, mwili ukamsisimka kwa kinyaa. Ovaroli lilikuwa limekauka kwa grisi. Alitia mkono chini ya boneti, akakwangua mavi ya panya kwa kucha, akajifuta kwenye paja, kisha kwa mkono uleule akachomoa andazi mfukoni, akalitafuna.

Alichomeka kimashine chake cha kusoma kompyuta ya gari, akakitazama, akakitikisa. Halafu akawasha gari. Likanguruma mara moja, safi kabisa.

"Gari nzima, mama."

"Nzima! Ndivyo mnavyosema nyote. Nikifika mbele itazima tena."

"Ikizima unakuwa na nani?"

"Na huyu mtoto."

"Ukiwa peke yako?"

Robi alifikiri. "Haijawahi. Kwani gari inachagua watu?"

Ogweno alichomoa kimashine chake, akafunga boneti. Waliliendesha polepole hadi gerejini kwake, akamwacha Bhoke kwenye benchi, akamchukua Robi wakalijaribu. Walipanda kilima, wakashuka, wakapita kwenye mashimo makusudi. Gari halikukwama popote. Njia nzima Robi alitoa kichwa dirishani, maana sasa kulikuwa na harufu mbili, ya panya na ya fundi.

Waliporudi, Ogweno alifungua mlango wa nyuma, akainua kiti, akainama. Alipapasapapasa pale chini. Alipoinuka alimwendea Bhoke, akachuchumaa mbele yake.

"Uko darasa la ngapi?"

"La sita. Shikamoo."

"Marahaba. Mnakwenda wapi?"

Bhoke alimtazama shangazi yake, akafunga mikono yake ndani ya kanga.

"Likizo," Robi alidakia. "Kwa bibi yake. Fundi, tengeneza gari, maswali ya nini?"

Ogweno alisimama, akatema mate pembeni. Robi akageuza uso.

"Nataka nijaribu tena, kukiwa na uzito kule nyuma," alisema. "Mtoto akae palepale anapokaaga. Wewe pumzika, mama. Kuna chai hapo kwa jirani."

Robi hakubisha. Kuukwepa ule uvundo hata kidogo ilikuwa nafuu. Aliliona gari likipanda kilima, likapotelea upande wa pili.

Chai ikapoa. Gari halikurudi.

Mwanzoni alidhani limezima. Baadaye akaomba namba ya Ogweno kwa jirani, akapiga, simu ikawa inaita bila kupokelewa. Gari lake! Mtoto wa kaka yake! Mikononi mwa lile lichafu lililokuwa likimtazama mtoto namna ile, likimuuliza darasa! Alikimbia barabarani akipiga mayowe. Watu wakamzunguka.

"Ogweno?" yule bodaboda aliyemleta fundi alishangaa. "Mama, huyo haibi."

"Wote mna harufu moja!" Robi alimfokea.

Mama yake akapiga simu kutoka Nyansurura. "Mko wapi? Wenzake wote wameshafika, tunamngoja yeye tu."

"Mama, Bhoke ameibiwa! Fundi amemwiba na gari!" Robi aliketi mavumbini, akalia kwa sauti.

Simu iliita tena ilhali angali anajifuta makamasi. Ilikuwa namba ngeni, sauti ya mwanamke, tulivu.

"Wewe ndiye shangazi yake Bhoke?"

"Ndiyo! Yuko hai? Mmemkamata huyo mshenzi?"

"Mtoto ni mzima, fundi amemleta hapa kwetu, anakunywa uji. Na gari ni zima. Amesema mwenyewe alikuwa akiuchomoa ule waya wa pampu kila mkielekea kwa bibi yake, akiuchomeka mafundi wakija." Mwanamke akaendelea. "Unaongea na polisi, dawati la jinsia na watoto. Tunakuja kukuchukua sasa hivi, na ukipanda gari letu utuelekeze nyumbani kwa mama yako, kabla ngariba hajaanza kuwakeketa hao wengine."