Kikaratasi cha Kifuani

Bi Mwanasiti alikuwa amebandika vikaratasi vya maneno ya Kigiriki nyumba nzima: mlangoni porta, kitini karekla, kwenye mtungi wa maji nero. Mjukuu wake, mzaliwa wa Ugiriki, hakujua Kiswahili hata chembe, na alasiri hiyo wangeonana kwenye simu kwa mara ya kwanza.

"Shoga, nyumba hii ndiyo imegeuka duka?" jirani yake Rukia alicheka. "Na bibi huko Ugiriki huitwaje?"

"Yiayia."

"Mbona hilo hujalibandika?"

Rukia alipokwenda zake, Bi Mwanasiti aliliandika, akalibandika kifuani juu ya kanga. Akaegemeza simu kwenye mtungi, akaketi.

Jua likazama, simu kimya. Kikaratasi kilipoanza kubanduka alikikandamiza kwa kiganja, na kiganja akakiacha palepale.