Dakika Kumi za Kila Asubuhi

Saa tatu kasoro robo Ghislain alitoka tena, shati limepigwa pasi, na safari hii mkewe alitoka nyuma yake. Jeanne alikuwa amevaa raba ili asisikike kwenye ngazi, na kwa haraka hata kilemba alisahau kufunga.

Tangu Jeanne arudi kutoka Lubumbashi, hii ilikuwa asubuhi ya tano anauona mchezo huo. Mwanamume anatoka na njaa yake, chai hataki, anakaa nje dakika kumi, anarudi akijipangusa midomo. Ukimuuliza alikuwa wapi, anasema alikwenda kwa laoban, yule Mchina mwenye duka la simu, kuulizia bei. Bei gani hiyo ya kuulizwa kila siku, hata Jumapili kabla ya misa?

Tena si hilo tu. Bia ameacha. Tumbo limepungua, suruali zinamning'inia kama kijana anayechumbia. Usiku analala sebuleni, eti joto. Huku China, Guangzhou ya mwezi wa tano ina joto kweli, lakini Oktoba za Lubumbashi walilala pamoja miaka kumi na minne na hakuna aliyehama kitanda. Jeanne akimsogelea usoni, anageuka pembeni. Ghislain huyu, anageuza uso! Roho ilimuuma Jeanne mpaka akashindwa kula. Alikuwa amefunga naye ndoa kanisani, na hakuwa tayari kumwachia mtu ndoa hiyo, awe Mwafrika au Mchina.

Mtaa wao wa Dengfeng ulikuwa unafungua maduka. Ghislain aliwasalimu wabadilisha pesa, akapita vibanda viwili vya simu, akaingia kwenye mlango mwembamba wenye kibao cheupe cha herufi za Kichina. Miaka yote ya kununua jinzi za biashara kwenye viwanda vya Xintang, Jeanne alikuwa hajajifunza kusoma hata herufi moja. Alijibanza nyuma ya mabegi ya safari yaliyotundikwa mbele ya duka la jirani, akatazama saa.

Dakika ya tisa mume akatoka, anajipangusa midomo. Dirisha la juu likafunguliwa, msichana mweusi, mzuri, kijana, akachungulia nje huku anacheka.

"Kesho usichelewe!" akamwambia kwa Kiswahili.

Ghislain akampungia mkono, akaenda zake. Jeanne alichomoka nyuma ya mabegi. Basi alikuwa na haki ya kushuku, na mwizi wake hana hata aibu ya kufunga dirisha. Alipanda ngazi mbili mbili, huku matusi ya Kiswahili na ya Kifaransa yakimjaa kinywani.

Alitegemea kukuta kitanda. Alikuta meza, birika la maji, vikombe vya karatasi, na yule msichana amevaa koti jeupe.

"Karibu, dada. Nikusaidie nini?"

Koti halikumtuliza Jeanne, maana koti mtu yeyote anaweza kununua. Lakini akajiambia, nikimtukana sasa atafunga mdomo na sitajua kitu. Akameza hasira, akatafuta uongo wa kumfungulia njia.

"Ghislain aliyetoka hapa," akasema, "miye ni dada yake."

Msichana akafurahi, akamvutia kiti. Aliitwa Clementina, Mtanzania, anasomea udaktari hapo mjini kwa ufadhili. Alimweleza polepole, kama mtu aliyezoea kueleza, kwamba kaka yake ana kifua kikuu na kwamba hakuna sababu ya kuogopa, kwa kuwa kinapona. Dawa zinalipiwa na serikali, na serikali hiyo hiyo ndiyo inayogharamia utafiti wao, ili ijulikane kama wafanyabiashara wasiotulia mahali pamoja wanaweza kumaliza vidonge vya miezi sita. Ndiyo maana kila mgonjwa humeza mbele ya macho yake kila asubuhi, kabla hajatia kitu tumboni, anashushia maji, anakwenda kazini. Na wote walio karibu na mgonjwa wanapimwa bure.

Jeanne alicheka, halafu machozi yakamtoka. Maji! Wivu wote ule, kumbe ni midomo yenye maji. Ghislain alikuwa anageuza uso ili asimwambukize. Alikuwa analala sebuleni kwa ajili yake, na yeye amempekua mifuko na kumnusa mashati. Aliona haya kweli kweli. Akawaza supu ya kumpikia mchana, na jinsi atakavyomwambia kwamba anajua yote na hamwachi. Tena akawaza, huyu binti mwema nimemdanganya bure, ngoja nimwambie mimi ni nani.

Lakini Clementina alikuwa ameshafungua daftari lake kubwa.

"Jina lako nani, dada?"

"Jeanne."

Kidole cha Clementina kikateremka kwenye ukurasa, kikasimama.

"Ndiyo, upo. Jeanne, dada wa mgonjwa, yuko safarini Lubumbashi." Akatabasamu, akachukua kalamu. "Afadhali umekuja mwenyewe. Mkewe na wale mapacha tuliwapima wiki ya kwanza, kule nyumbani kwao mtaa wa Sanyuanli, na wote wako salama. Umebaki wewe tu."