Mjane wa Masii

Mwelu alipofika, katika masimulizi yake, pale maji yalipomfunika mumewe, msikilizaji mmoja, Bartholomew, aliacha kutafuna mandazi.

"Nilimwambia Wambua aiache hiyo cherehani, mto umefurika," Mwelu alisema taratibu. "Akaniambia, 'Simama hapo, Mwelu, nakuja sasa hivi.' Mtumbwi ukapinduka. Kitu pekee kilichonirudia ni kofia yake. Ilielea polepole mpaka miguuni pangu, kana kwamba inajua ni ya nyumba gani."

Chumba kizima kikawa kimya. Waliomsikiliza walikuwa chama cha watu wanaotaka kuwa waandishi wa hadithi, waliokutana kila Jumamosi nyuma ya duka moja la vitabu mjini Machakos, na kwa kawaida hawakujua kunyamaza. Mwelu alikuwa mgeni kutoka Masii. Mwalimu Lavender, mwenyekiti wao, alikuwa amemwambia tu, "Karibu, mama. Tuambie kitu kitakachotufanya tusahau chai." Sasa chai ilikuwa imepoa, na Lavender mwenyewe alikuwa amegeukia dirishani akipenga kamasi. Nuradin, mchuuzi wa mbuzi aliyekuwa akitunga mashairi ya mapenzi kwa siri, alitikisa kichwa akinong'ona, "Innalillahi."

Lakini aliyepatikana vibaya zaidi ni Ndambuki.

Ndambuki aliuza vipuri vya pikipiki, na kwa muda mrefu alikuwa ametaka mambo mawili: kuandika na kuoa. Yote mawili yalikuwa yamemshinda. Majina ya hadithi alikuwa nayo tele. Hadithi yenyewe hakuwa nayo hata moja. Kila alipokaa kuandika, kalamu ilimlemea kama jeki ya lori.

Chama kilipovunjika, Mwelu alimfuata mpaka mlangoni.

"Samahani, kaka. Machozi yalikutoka wapi? Kwa cherehani ama kwa kofia?"

"Kwa kofia," Ndambuki alijibu, akifuta shavu.

Uso wa mwanamke yule ukang'aa. "Nilijua tu!" akasema, kisha akaenda zake kwa hatua nyepesi, karibu kurukaruka.

Ndambuki alibaki akimkodolea macho. Mwanamke gani huyu, amempoteza mume mbele ya macho yake na bado anaweza kutembea hivyo! Kitu kikampasuka kifuani, na hakikuwa huruma peke yake.

Jumatatu alianza kuandika juu ya kaunta, na maneno yakamiminika kama bomba lililofunguka. Mteja aliyetaka kebo ya breki alipewa ya klachi. Mwingine aliuliza kama tairi zipo, akajibiwa, "Mjane jasiri." Ilikuwa hadithi ya muuza vipuri aliyempenda mwanamke aliyefiwa, na wawili hao walioana ukurasa wa pili, kwa sababu mwandishi hakuweza kusubiri wa tatu. Alipoweka nukta ya mwisho, Ndambuki alitoka nje akacheka peke yake mpaka mama muuza ndizi akashtuka.

"Kuna nini, Ndambuki?"

"Nimemaliza hadithi!"

"Ya nani?"

"Yangu, mama! Yangu mwenyewe!" Akamkumbatia pamoja na ndizi zake.

Siku ya soko la Masii alifunga duka. Alivaa shati jipya, akajipulizia manukato mpaka pikipiki yenyewe ikanukia, na akaiweka hadithi yake kifuani. Nyuma, ndani ya kreti, alikuwa amembeba mbuzi. Huyo alitoka kwa Nuradin.

"Mpe mama wa watu," Nuradin alikuwa amesema, machozi yakimlengalenga. "Mwambie ni rambirambi ya chama kizima."

Njia nzima Ndambuki aliimba, na mbuzi akaitikia. Alipanga atakavyosema. Kwanza pole. Kisha mbuzi. Kisha hadithi. Kisha, kama Mungu angempa nguvu, lile jambo la ukurasa wa pili.

Sokoni alimuuliza mwanamke mmoja aliyekuwa akipima pojo.

"Mama, hujambo? Natafuta nyumbani kwa mjane mmoja, anaitwa Mwelu."

Mwanamke akamtazama. Akalitazama shati. Akamtazama mbuzi. Ghafla akaufunika mdomo kwa leso, na mabega yake yakaanza kutetemeka.

"Geti la kijani, hapo nyuma ya posho mill ya kusaga unga," alijikaza kusema, kisha akainama juu ya pojo zake, hawezi tena.

Ndambuki aliguswa sana. Kumbe hata majirani walikuwa bado wanalia!

Geti la kijani lilifunguliwa na mwanamume mrefu mwenye jembe begani na udongo mpaka magotini. Bila shaka ni shemeji, Ndambuki aliwaza, amekuja kumsaidia mjane shambani. Aliliona hilo kuwa jambo jema, la kuisifia familia ile.

"Habari ya hapa, mzee," alisema, akiinamisha kichwa. "Naitwa Ndambuki. Nimetumwa kutoka Machakos na wenzangu. Tumekuja kumpa pole Mwelu kwa sababu ya marehemu mume wake."

 Yule mwanamume alitua jembe. Akamzunguka mbuzi, akampapasa mgongo, akaonekana kuridhika naye. Kutoka jikoni ilisikika sauti ya mwanamke akiimba.

"Mwelu!" mwanamume akaita. "Ongeza maji kwa chai, kuna mtu wa matanga!"

Kisha akaishika kamba ya mbuzi, akamwekea Ndambuki mkono begani.

"Karibu ndani, bwana. Mimi ndiye Wambua. Sasa niambie pole pole: safari hii nimekufaje?"