Vidonge vya Minza

Nikutegee, mjukuu: adui yumo nyumbani mwako, na wa kumuua yumo humo humo. Umeshindwa? Basi nipe mji. Ni mwili.

Ndivyo daktari wa Bariadi alivyomweleza Minza, mama wa kijiji cha Nkololo, mwezi uliopita. "Bibi, mwili wenyewe hutengeneza kitu kinachoziamuru seli za saratani zife. Chako hakitoshi. Vidonge hivi vina kitu kama hicho hicho."

Leo vidole vya daktari vilizunguka uvimbe chini ya sikio la Minza, mgumu kama kitumba cha pamba kisichopasuka. Haukuwa umepungua hata kidogo.

"Vidonge ulimeza vyote?"

Minza alitazama kalamu mkononi mwa daktari.

"Maana kama ulimeza, basi dawa imeshindwa. Kesho nakuanzishia ya sindano, kali, na kwa umri wako moyo unaweza usihimili. Bibi, ulimeza?"

Kalamu ikagusa karatasi.

"Ngoja, mwanangu. Nilijua mwili wangu utajitengenezea wenyewe. Ndama wangu naye alivimba hapa hapa, akagoma kunyonya. Vyote nilimpa yeye."